Sifuri Juu ya Jina la Shomari

Msibani kwa Shomari, Vingunguti, nilikaa jamvini na wanawake wenzangu nikamsikia kijana mmoja, upande wa pili wa turubai, akimweleza mwenzake kwamba marehemu alipinda taya kwa sababu enzi zake za kiwandani alipigwa teke na fahali. Mwenzake akaguna kwa heshima. Mimi nina ugonjwa mmoja ambao uzee haukuutibu: uongo ukipita mbele yangu siwezi kuuacha uende zake, hata ukiwa ni uongo wa kumstahi maiti. Nikapaza sauti nikasema, "Fahali gani? Kiwanda kile kilikuwa cha ngozi. Ng'ombe walikuwa wanafika pale wameshachunwa zamani." Wanawake wakanigeukia wote. Binti mkubwa wa marehemu akaniuliza taratibu, "Sasa shangazi, nani alimvunja baba?" Nikamwambia nitamweleza tukishamzika. Jioni ile nilimweleza kwa ufupi, maana msibani watu wana mambo mengi. Hapa naeleza kwa kirefu, na sina nia ya kumpunguzia mtu yeyote, walio hai wala waliokufa.

Ulikuwa mwaka wa dhiki, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Ujamaa ukiwa bado unaimbwa redioni kila asubuhi na maduka yakiwa matupu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba Temeke katika nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa kwa jirani kilikuwa changu pia. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, kwa dagaa. Chai tuliinywa kavu huku tukilamba kipande cha sukari guru kwa zamu. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Siku hizi watu wakiikumbuka miaka ile husema tulipendana sana. Wapo waliopendana, sikatai. Mimi nakumbuka ngumi. Namkumbuka mwanamke kwenye foleni ya unga akimnyofoa mwenzake hereni pamoja na kipande cha sikio. Namkumbuka mtu kiwandani akimchana mwenzake paja kwa kisu cha kuparulia ngozi, kisa sabuni, na jioni wote wawili wakiulizwa waligombea nini wakaona haya kusema. Walanguzi walikuwa wanasakwa kila kona, na ukishaitwa mhujumu uchumi, aliyekuazima chumvi asubuhi alikuwa tayari kukuokotea jiwe mchana. Tulikuwa tumechoka, tumenuna, na kila mtu alikuwa anamtafuta wa kumwangushia lawama.

Nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha shirika lililomiliki kiwanda hicho cha ngozi, Temeke hiyohiyo. Shirika lenyewe lilishakufa na sina haja ya kulifufua kwa kulitaja. Chumba chetu kilikuwa ndicho pekee chenye kiyoyozi kiwanda kizima, na kiyoyozi kiliwekwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yetu. Nje kulinuka chokaa na ngozi mbichi zilizoshushwa kutoka machinjioni. Ukifungua mlango harufu inaingia na wewe, ukiufunga unabaki na ubaridi na kelele za printa. Mkuu wangu alikuwa Bwana Lameck, mtu wa bara, mpole, mlokole, aliyepelekwa Ulaya kusomea mashine zile akarudi na lugha ya kuziandikia programu iitwayo C. Ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha vizuri. Kazi yetu kubwa mwaka ule ilikuwa kuchapa vibali vya mgao. Kila mfanyakazi kila mwezi alipata karatasi ndogo yenye jina lake, idara yake, na vitu anavyostahili kwenye duka la ushirika lililokuwa palepale langoni: unga, sukari, sabuni, na mara mojamoja khanga. Namba ya kazi haikuandikwa kwa sababu karatasi ilikuwa finyu, kwa hiyo jina ndilo lilikuwa kila kitu. Kibali kisicho na jina kilikuwa mali, maana yeyote angeweza kujiandikia lake akaingia dukani akachukua. Na kiwandani kulikuwa na minong'ono mingi kwamba kuna mtu anauza vibali vya namna hiyo mjini, ndiyo maana sukari inaisha kabla foleni haijafika nusu.

Shomari Salum Kondo alikuwa mparuaji wa ngozi, Mzaramo wa hapahapa pwani, mfupi, mwenye mdomo usiotulia. Msimamizi wake, Ramadhani Mashaka Mihambo, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mzito wa kusema, ila akisema amesema. Waliajiriwa siku moja, wakasimama pamoja kwenye foleni ya kuandikishwa, na namba zao za kazi zikafuatana. Walikuwa watani wa kabila, na utani wao waliuchukulia kwa uzito kabisa. Saa ya chakula nilikuwa naacha ubaridi wangu nakwenda kula kwa mama ntilie nyuma ya madimbwi ya chokaa ya kulowekea ngozi ili niwasikilize tu. "Mzaramo," Ramadhani angeanza, huku anamega ugali, "mwaka huu umecheza ngoma ngapi, na umelima matuta mangapi?" Shomari naye angejibu mdomo umejaa, "Ngoma zote nimecheza mie. Matuta nimekuachia wewe, si ndo nyie mmezoea kuinama?" Mama ntilie alikuwa anacheka mpaka anaweka mwiko chini. Wangeweza kuambiana kitu chochote, na kuchukuliana kitu chochote, na hata kaburini mmoja angekwenda kumsumbua mwingine. Mtani hakasiriki, na mtani haombwi radhi. Asiyejua mila hiyo akiwasikia angedhani wanataka kuuana.

Mwaka ule Ramadhani alikwenda Hija. Ndugu zake wa Tabora walichanga, na yeye mwenyewe alikuwa ameweka akiba tangu ujana. Aliporudi alikuja chumba cha mashine amevaa kanzu na kofia mpya, ametuletea tende kwenye kikopo na maji ya zamzam ambayo alitumiminia kwenye kifuniko, mimi na Bwana Lameck, na Lameck pamoja na ulokole wake akanywa. "Mwanangu Mwanaidi," Ramadhani akaniambia, "mie sasa si Ramadhani mtupu. Niwekee na Alhaji kwenye hiyo mashine yenu." Shomari alikuwa amemfuata nyuma, ameegemea mlango. "Sista, mwongezee na Mbeba Zamzam," akasema. "Huyu kaenda kwa Mungu kuombea jina refu, msimpunje." Tukacheka. Nikaandika Alhaji kwenye sehemu ya marekebisho, kama tulivyokuwa tunafanya kwa kila mtu aliyeolewa au kubadili dini, kwa sababu orodha kuu ya majina haikuguswa mpaka mwisho wa mwaka. Kazi ya dakika moja. Tende zilikuwa tamu sana, na tangu Idi nilikuwa sijaonja kitu kitamu kama kile.

Ijumaa ya mgao ikafika. Langoni siku hiyo alikuwepo kamanda mpya wa mgambo, mgeni pale, mtu mwenye sare iliyopigwa pasi sana, na aliamua kila kibali akague mwenyewe. Na mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo, maana hata sisi wa kompyuta tulikula yanga ileile. Shomari akafika mbele, akatoa karatasi yake. Idara ilikuwepo, mgao ulikuwepo, muhuri ulikuwepo. Mahali pa jina palikuwa peupe.

"Jina lako liko wapi?" kamanda akauliza.

Shomari akaigeuza karatasi. "Labda limejificha nyuma, afande."

Alhaji alikuwa nyuma yake. Mtu kupata nafasi kama ile ya kumtania mtani wake halafu aiache? "Usimwamini huyo, afande!" akasema kwa sauti. "Mzaramo huyo. Kashaliuza!"

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikiwemo. Shomari akamgeukia mtani wake, uso umemchangamka. "Nimeliuza kweli! Nimeuza na la babu yako, Mnyamwezi wewe, nikamnunulia bibi yako bangili!"

"Umeuza?" kamanda akauliza.

"Nimeuza!" Shomari akajibu, bado anamtazama Alhaji, hajamtazama aliyeshika rungu.

Rungu la kwanza lilimpata kwenye taya, na mfupa ulivyolia tulisikia mpaka huku nyuma. Alipoanguka kamanda akageukia foleni akasema, "Mmesikia wenyewe. Kakiri. Huyu ndiye anayeuza vibali vyenu." Hapa ningependa sana kusema kwamba mgambo peke yao ndio waliompiga. Walimpiga wanaume waliokuwa wakila naye sahani moja. Alimpiga mwanamke wa idara ya upakiaji, kwa kiatu, huku analia na kumdai sukari ya watoto wake. Mtu mmoja alimkanyaga mkono kwa makusudi, akakizungusha kisigino, na mtu huyo baadaye alikuwa mjumbe wa nyumba kumi na watu walimheshimu sana. Alhaji aliingia katikati ameinua mikono anapiga kelele, "Utani huo! Jamani, sie watani, tunataniana tu!" Mgambo mmoja akamchoma tumboni kwa ncha ya rungu, akakaa chini, kanzu yake ikajaa vumbi, na alipoweza kupumua tena hakusema kitu. Nilimparamia yule mgambo kwa mgongoni, sikujua hata nafanya nini. Nilijikuta nimebamizwa kwenye wavu wa duka, nyusi imepasuka, na jicho moja halioni kwa damu. Kwa hilo lingine nilimwona Shomari akiburutwa kwa miguu kuelekea kwenye stoo ya chumvi, ile tuliyowekea chumvi ya kuhifadhia ngozi. Mtu ametoka damu kila mahali, wakamtupa juu ya chumvi wakafunga mlango.

Bwana Lameck aliniosha nyusi kwa maji ya chupa akaniambia ni utepe wa printa, umekauka. Nikamwonyesha kwenye nakala zetu kibali cha juu yake na cha chini yake, maandishi meusi kama kawaida. Akasema basi labda karatasi iliteleza. Nikamwambia karatasi ikiteleza inateleza na idara na mgao pia. Akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na nilipomtazama nikaona anakwepa kuitazama nyusi yangu. Wakati ule nilidhani ni huruma.

Kesho yake jioni nilikuwa chumbani nimejilaza na kitambaa cha maji kichwani. Jirani yangu wa ukuta wa kushoto alikuwa mgambo wa palepale kiwandani, kijana wa miraba minne na mkewe mwembamba. Nilisikia mwiko unasonga ugali, kisha mke akauliza, "Huyo mtu wenu bado hajawataja wenzake?"

"Atawataja kwa mdomo gani? Taya limehamia huku. Kamanda anasema anajifanya bubu."

"Mtamuua nyie."

"Jumatatu mchana gari linakuja kumchukua, akajibu kesi ya uhujumu huko. Ila kamanda kasema kabla ya gari tumpe tena dozi, asiondoke bila kusema." Nikasikia anavuta sahani. "Mie sipendagi hizi kazi."

"Kula basi," mkewe akasema. "Ugali unapoa."

Jumapili nilikwenda Kinondoni kwa Bwana Lameck, nikamkuta ametoka kanisani, hajavua hata tai. Mkewe alikuwa anapakua wali, wali mweupe, sijui waliupata wapi. Nikamwambia nataka ufunguo wa chumba cha mashine, kwa sababu Shomari atakufa au atafungwa, na kosa halitoki kwa Shomari wala kwenye utepe. Akanivuta pembeni ya kabati. "Mwanaidi, unajua mwaka huu kosa kwenye mashine ya serikali linaitwaje? Linaitwa hujuma. Programu ile nimeandika mimi. Unataka wanitupe mimi kwenye ile chumvi?" Nikamwambia ndiyo, kama ni lazima awemo mtu basi afadhali awemo mwenye programu. Akanishika mkono akausokota ili anitoe nje, na mimi nikamng'ata kiganja mpaka nikahisi ladha ya damu. Sahani ya wali ikaanguka. "Baba Neema!" mkewe akapiga kelele. "Mtoto wa watu unamfanya nini?" Lameck alikaa kwenye kiti akakitazama kiganja chake, alama za meno yangu zikitoa damu, na akaanza kulia bila sauti. Halafu akafunga leso mkononi, akachukua ufunguo juu ya kabati, akasema twende. Basi halikuonekana, tukatembea mpaka tukapata lori la mchanga.

Siku hizi nikiwafundisha vijana jambo hili huchukua trei la mayai, kwa sababu sijapata njia bora zaidi. Kumbukumbu ya mashine ni trei refu lisilo na kuta. Bwana Lameck alikuwa amempa kila mtu matundu thelathini na mawili, herufi moja tundu moja, na matundu ya mtu mmoja yakiisha yanaanza ya anayefuata. Sasa lugha ya C haijui jina lina urefu gani. Inasoma herufi mojamoja mpaka ikutane na sifuri, na hapo ndipo inajua jina limekwisha. Sifuri hiyo nayo inataka tundu lake. Kwa hiyo kwenye matundu thelathini na mawili jina linaloenea salama ni la herufi thelathini na moja, na Lameck alilijua hilo, ila aliponifundisha alilisema na alipoandika alilisahau. Programu ilipakia kwanza majina yote, kila mmoja kwenye nafasi yake kwa kufuata namba za kazi, kisha ikaanza marekebisho. Ilipofika kwa Ramadhani ikachukua neno Alhaji, ikaliunga na jina lake zima kwa amri iitwayo sprintf, ikalimimina mahali pake. Sprintf haiulizi chombo kina ukubwa gani. Inamimina tu. Alhaji Ramadhani Mashaka Mihambo, ukihesabu na nafasi za katikati, ni matundu thelathini na mawili kamili. Jina likaenea, sifuri ikakosa pa kukaa, ikaangukia tundu la kwanza la mwenye namba inayofuata.

Tuliyachapa yaliyomo kwenye kumbukumbu herufi kwa herufi, karatasi ndefu, tukaitandaza sakafuni tukaitambalia kwa magoti. Bwana Lameck ndiye aliyeliona kwanza, kidole chake chenye leso kikasimama. Baada ya Mihambo kulikuwa na sifuri, na baada ya sifuri, bila kukosa kitu, kulikuwa na HOMARI SALUM KONDO. Jina lake lote lilikuwepo, zima, limekaa mle ndani wakati mwenyewe anavunjwa taya kwa kutokuwa nalo. Herufi moja tu ya mwanzo ndiyo iliyokaliwa, na mashine ikifika kwake inakuta sifuri mlangoni, inaamini jina limekwisha kabla halijaanza, inachapa patupu na kwenda kwa mwingine. Haikulia, haikusimama, haikutoa onyo lolote. Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo kwenye makosa ya aina hii: aliyezidi kipimo anatoka salama, na anayeumia ni wa pembeni yake ambaye hakufanya kitu. Siku hizi kuna amri nyingine, snprintf, ambayo unaiambia ukubwa wa chombo kabla haijamimina, inaacha nafasi ya sifuri, na mwisho inakuambia ingehitaji herufi ngapi, ili ujue kama umemkata mtu. Vijana wengi hawaangalii hata hilo jibu. Huwa nawagombeza, wananiona mama mkorofi. Jioni ile ya Jumapili hatukuwa na amri hiyo, tukaandika ya kwetu, inayohesabu kwanza na kupiga kelele jina likizidi. Lakini ile mbovu hatukuifuta, kwa sababu niliihitaji.

Jumatatu asubuhi Lameck alimwita Mwenyekiti wa tawi la Chama pale kiwandani, naye akaja na kamanda, na Alhaji akaitwa kama shahidi wa ule utani. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mwenye haraka. "Nimeambiwa mashine imekosea," akasema. "Mashine haina tumbo, haili sukari. Itakosea kwa faida ya nani?" Nilikuwa nimeshaweka jina lake mahali pa Shomari, namba inayofuata ya Alhaji. Nikaanzisha programu ileile mbovu, printa ikapiga kelele, nikachana kibali chake nikampa. Alikitazama mbele na nyuma, kama Shomari alivyofanya.

"Hii ya nani?"

"Yako, Mwenyekiti."

"Mbona haina jina?"

"Hata ya Shomari haikuwa nalo," nikasema. "Na sasa hivi ungekuwa langoni, huyu kamanda angekuwa ameshakuvunja taya."

Kofi lilinijia kabla sijaliona, kwa nyuma ya mkono, likafungua nyusi yangu upya. Kamanda naye akainua rungu, nadhani kwa mazoea tu, na ndipo Bwana Lameck akasimama katikati yetu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Programu nimeiandika mimi. Binti hana kosa, Shomari hana kosa. Kama kuna hujuma ni yangu." Mwenyekiti alisimama na karatasi tupu mkononi, jasho linamtoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mwishowe akamwambia kamanda amfungulie yule mtu. Kamanda akauliza, na gari la mchana litaondoka tupu? Kisha akamshika Lameck ukosi. Gari halikuondoka tupu. Lameck alirudi kazini mwezi uliofuata, sikio moja halisikii, akakaa upande wangu wa kulia ili anisikie, na akaendelea kunifundisha. Alama za meno yangu zilibaki kiganjani mwake maisha yake yote, na sijawahi kumwomba radhi kwa zile.

Tulivuka uwanja, mimi na Alhaji, nyuma ya mgambo mwenye funguo. Njiani nikamweleza, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni hakuelewa kilichotokea. Nikamwambia neno Alhaji lilirefusha jina lake, na mwisho wa jina lake ndio uliomfuta mwenzake. Alisimama.

"Kwa hiyo ni mie."

"Ni programu, Alhaji."

"Jina langu," akasema. "Na langoni mdomo wangu."

Mlango ukafunguliwa. Shomari alikuwa amekaa ameegemeza mgongo kwenye magunia, si juu ya chumvi tena, alikuwa amejikokota mpaka akapata kipande cha sakafu. Sitaueleza uso wake. Mkono uliokanyagwa alikuwa ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Taya lilikuwa limevimba, limekwenda upande, na midomo imekauka damu na chumvi. Jicho moja lilikuwa wazi, na lilikwenda moja kwa moja kwa Alhaji. Alhaji akapiga magoti. Akafungua mdomo aseme nisamehe, nililiona neno linakuja, na Shomari akaona pia, akainua mkono mzima akamzaba kofi. Halikuwa na nguvu, lakini lilikuwa kofi. Akatikisa kichwa kukataa. Kisha akauonyesha mdomo wake uliovunjika, akamnyooshea Alhaji kidole kifuani, akangoja. Alhaji hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Shomari akarudia: mdomo wake, kifua cha mwenzake. Na ndipo Alhaji akaelewa anachotakiwa: kusema kwa niaba ya mdomo ule.

"Mnyamwezi mjinga wewe," Alhaji akasema, na ilikuwa sauti ya Shomari, lafudhi ya Shomari, ile ya pwani inayokimbia. "Umepanda ndege mpaka Makka, umeomba jina refu, ukarudi ukamkalia mwenzio. Babu zako walibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka hapa, miezi na miezi, hawakuangusha mmoja. Wewe kakushinda mtu mmoja, mfupi, hatua mbili mbele yako. Wamekuchoma tumbo mara moja tu, ukakaa chini. Ukakaa, Mnyamwezi wewe, ukanyamaza." Hapo sauti ikamkatika, machozi yakamdondoka kwenye kanzu, akainamisha kichwa. Mgambo mwenye funguo alitoka nje. Mimi nilidhani imetosha, nikasogea ili tumbebe tumpeleke hospitali.

Shomari akanizuia kwa kiganja. Jicho lake halikutoka kwa Alhaji. Akakizungusha kidole hewani, mara moja, mara mbili: endelea. Alhaji akajifuta uso kwa kofia yake ya Hija, akaendelea.